Wakili wa wilayani unautaka ubunge? Anza na kabati la mafaili

Kila uchaguzi ukikaribia napigiwa simu na mawakili vijana wa huku wilayani, kaka nataka kuchukua fomu unanishaurije. Mi sijawahi kugombea, ila nilikuwa ofisi moja na wakili aliyepata ubunge na mimi ndo nilobaki na mafaili yake, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona kwa macho.

Wengi wanawaza hela ya kampeni na wajumbe tu. Sawa, ila wateja je?

Kulikuwa na mama mmoja kashindwa kesi ya shamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hukumu yake kaibeba kwenye rambo, na yule wakili mgombea alishamwahidi rufaa Mahakama Kuu. Rufaa ile ina siku 45, siku zinayoyoma mwenyewe yuko kata kwa kata anasalimia watu, sababu za rufaa hazijaandikwa hata mstari. Yule mama kila siku ya gulio anakuja anakaa benchi la nje anauliza "mwanangu yupo?" Nilikesha nayo ikaingia ndani ya muda, lakini iliniuma sana, manake ardhi ndo kila kitu alichonacho.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya fomu kaa na mafaili, moja moja. Mteja mwite, mtambulishe kwa wakili atakayemshika, makabidhiano yawe kwa maandishi na asaini, na hela ya kazi ambayo hujaifanya mrudishie. Usijidanganye utafanya vyote, Bunge la bajeti peke yake ni Aprili mpaka mwisho wa Juni na kabla ya hapo kamati zimeshakaa, huku nyuma kesi inaitwa upande wa mdai hakuna mtu inafutwa, na kuomba irudishwe una siku 30.

Halafu mji mdogo watu wanajuana. Yule mama ana ukoo mzima, ana vikoba, ana kwaya. Wakili mwenzetu Tundu Lissu kabla hajaingia bungeni 2010 watu walishamjua kwenye ishu ya wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, kazi ilitangulia.

Digrii ya sheria haikupi tiketi, Ibara ya 67 ya Katiba inataka miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama wa chama ulichopendekezwa nacho. Faida yako utaiona muswada ukifika kamati. Hapo usikae kupiga makofi, andika jedwali la marekebisho, taja kifungu, futa maneno, weka maneno. Sheria za ardhi umezisotea mabarazani miaka yote, unajua kabisa kifungu gani kinamnyima mtu haki yake, kipeleke hicho.