Barua za babu nizipige lamineshen?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Bibi alifariki huku Lindi, kwenye sanduku lake la bati tumekuta barua za babu toka Nachingwea enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, zingine kwa herufi za Kiarabu, na mchwa washaanza kuzila. Nikazipige lamineshen? – Mjukuu

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni. Lamineshen usithubutu! Ule moto na plastiki vikishagandana na karatasi ndo basi tena, havitoki. Zikung'ute taratibu, toa zile pini zenye kutu, usibandike soletepu, zilaze kwenye bahasha za karatasi na sanduku liinue juu ya matofali. Piga picha kwa simu mbele na nyuma, bahasha nayo usiitupe maana muhuri wa posta ndo unakwambia tarehe (mradi wenyewe ulianza 1947, ukafa 1951, kwahiyo hutapotea sana).

Za Kiarabu wala usiogope, pwani yetu wazee wengi walikuwa wanaandika Kiswahili hichohicho kwa herufi za Kiarabu, mpelekee mwalimu wa madrasa mtu mzima akusomee na wewe urekodi. Ila msome kwanza mkiwa wawili tu, babu anaweza akawa na mambo yake mle 😀

Halafu, kama barua zitakufanya utake kuujua na ukoo wenu, sikiliza. Kama nyie ni Wamwera au Wamakonde, kwa mila ukoo unafuata mama, so ukianza kuuliza upande wa baba tu utakwama, kawatafute kaka zake bibi kama bado wapo au watoto wa dada zake, leo leo.