Trampolini uani: mtoto mmoja mmoja, au iondoke

Likizo ya Desemba ikikaribia, hapa Entebbe wazazi wenzangu huniuliza swali lile lile: Mama Shamim, tuwanunulie watoto trampolini au tuache? Wananiuliza kwa kuwa kwetu ipo, kile kitambaa cha kurukia kilichofungwa kwa springi kwenye fremu. Tuliachiwa na jirani aliyehama, na wanangu wamekua nayo. Nawajibu hivi: kama mtoto hajatimiza miaka 6, usinunue. Akishapita hapo, inawezekana, ila kwa sharti moja ambalo ni gumu kwenye nyumba zetu zenye watoto wengi: aruke mtoto mmoja tu, wengine wasubiri chini.

Sharti hilo halikutoka kichwani mwangu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikitoa maonyo kuhusu trampolini tangu 1977, na katika tamko lake la 2012 kiliwasihi wazazi wasiiweke nyumbani. Kinaeleza kuwa takriban robo tatu ya majeraha hutokea watu zaidi ya mmoja wanaporuka kwa pamoja, na kwamba aliye mdogo kuliko wote anaweza kuwa na hatari ya kuumia mara 14 zaidi ya mkubwa anayeruka naye.

Tazama kwa makini wakiruka wawili, utaona sababu. Kijana wa miaka 12 akitua, kitambaa kinadidimia, kisha springi zinakivuta kirudi juu kwa nguvu. Ikiwa wakati huo huo mtoto wa miaka 4 naye anashuka, miguu yake inakutana na kitambaa kinachopanda. Hapo hatui tena mahali laini. Kishindo kinaweza kuwa kikali kuliko angeangukia ardhini. Wala si lazima aanguke ndipo aumie; anaweza kutua wima kabisa na mfupa ukavunjika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa dada yangu, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake. Trampolini ilikuwa ya kukodi, na kijana aliyekuja nayo aliwaruhusu kupanda wote, wakubwa kwa wadogo. Mtoto alilia kidogo, akabebwa, akapewa soda. Jioni akawa hataki kukanyaga. Mguu haukuwa umevimba sana, hakuna jeraha, kwa hiyo watu wakasema anadeka. Jaja yake, yaani bibi yake, akashauri apelekwe kwa mganga wa mifupa kijijini akakandwe na kufungwa. Dada akakataa, na namshukuru Mungu alikataa. Eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa wa ugoko, chini kidogo ya goti, jeraha ambalo madaktari wanalijua vizuri kwa watoto wa umri huo waliotoka kwenye trampolini.

Kwa hiyo nasisitiza: mtoto mdogo aliyekuwa akiruka akikataa kukanyaga, mpeleke hospitali hata kama huoni uvimbe. Msimkande. Vijiti vikifungwa kwa kukazwa sana huzuia damu, na wapo watoto waliofika hospitali mguu umeshaoza, kwa mfupa ambao ungepona kwa plasta tu. Sisi wa barabara ya Entebbe tuna bahati, Kisubi ipo hospitali ya CoRSU inayotibu mifupa ya watoto. Aliye mbali aanzie hospitali yoyote yenye eksirei.

Shingo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kupinduka sarakasi hewani kwetu ni marufuku, hata kwa yule anayejiona bingwa, kwa sababu anayetua kwa kichwa au shingo anaweza kupooza. Ikitokea, na mtoto analalamika shingo au hasikii miguu, tafadhali asiinuliwe wala asiketishwe, na asipakiwe kwenye boda katikati ya watu wawili. Abaki alivyolala, mtu amshikie kichwa kisigeuke, mpaka lipatikane gari la kumlaza sawa na mtu anayejua kumhamisha.

Wengi hudhani wavu wa pembeni umemaliza kila kitu. Wavu husaidia mtoto asiruke nje, lakini majeraha mengi hutokea pale pale juu ya kitambaa. Halafu jua letu linakula plastiki. Shika ule wavu uliokaa nje misimu miwili, uvute kwa vidole viwili: ukikatika, usitegemee umzuie mtoto anayekuja kwa kasi. Sponji zinazofunika springi nazo huchanika mapema, na mvua za ziwani huleta kutu. Mimi huzipitia springi moja moja kwa mkono kabla ya likizo.

Mahali pa kuiweka pia panasumbua. Viwanja vyetu ni vidogo, na ukuta mara nyingi umepandwa vigae vya chupa juu. Nimeona trampolini iliyobanwa kati ya ukuta wa namna hiyo na mfereji wa zege. Hapo jibu ni kutoiweka kabisa. Inataka nyasi, ardhi tambarare, na nafasi pande zote.

Na mtu wa kusimamia awe anasimamia kweli. Kati ya theluthi na nusu ya majeraha yametokea mtu mzima akiwa yupo. Dada wa kazi anayefua huku akitupa jicho hasimamii, na usimlaumu. Siku ya Idi watoto wa mtaa mzima huja kwetu na nguo zao mpya, na siku hiyo mimi huondoa ngazi na kufunga mlango wa wavu kwa kamba. Wanalalamika dakika chache, kisha wanaanza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, na kuruka kamba, na wote wanacheza pamoja, mkubwa na mdogo.

Kwa mwenye sherehe anayetaka kukodi: kabla hujalipa, mwambie mwenye trampolini kwamba ataingia mtoto mmoja mmoja na walio chini ya miaka 6 hawatapanda. Akikwambia biashara haiendi hivyo, mwache aende, hela hiyo ongezea kwenye chakula.