Kiroba kilichochipua chini ya kitanda: mwanafunzi na chakula chake

Nilipofika Iringa mwishoni mwa mwaka 2021 kuanza chuo kikuu, sikuwa nimewahi kukiona chakula kama jambo la kupangiwa. Nyumbani kwetu Tukuyu ndizi zilikatwa nyuma ya nyumba, magimbi yalichimbwa siku ileile ya kuliwa, na kazi yangu ilikuwa kumenya, kusaidia jikoni na kula. Makala hii ninawaandikia wanaoondoka nyumbani sasa, kwa sababu nimeona wengi wakiumia kama nilivyoumia mimi, tena katika mikoa ambayo chakula hakijawahi kuwa haba.

Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo sote tuliiita bumu, wakati huo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, nayo ilitolewa kwa mkupuo wa siku 60, yaani shilingi 510,000. Mwaka wa masomo uliofuata kiwango kilipanda hadi shilingi 10,000. Sikuwa nimewahi kushika nusu milioni mkononi. Kwa majuma matatu nilikula chipsi kuku karibu kila jioni; kodi ya chumba, fotokopi na vocha zikamaliza zilizosalia, na mwezi wa pili nikaanza kupiga pasi ndefu: chai na andazi saa nne asubuhi, kisha maji matupu hadi usiku. Mwezi huo haukuisha nikawa na kiungulia kisichokoma na kizunguzungu darasani, na nilipopimwa nikaambiwa kwamba damu imepungua.

Kinachoniuma hadi leo si fedha ile. Katika majuma hayo ya njaa, mama alikuwa amenitumia kwa basi kiroba cha magimbi na ndizi, nami nilikisukuma chini ya kitanda, kwa kuwa niliona aibu kuonekana nikimenya magimbi mbele ya wenzangu waliokuwa wakila chipsi. Ndizi ziliiva zikaoza, magimbi yakachipua. Ninaamini kabisa kwamba aibu ya namna hii huwaumiza wanafunzi wengi kuliko uhaba wa fedha, kwa sababu mwenye uhaba huomba msaada, lakini mwenye aibu hukaa kimya na njaa yake.

Aliyenitoa huko ni mama mwenye nyumba wetu pale Kihesa. Alinikuta kibarazani saa nane mchana, akanisalimu, “Kamwene, mwanangu,” kisha akaniuliza nimekula nini. Nilipomwamkia na kumjibu kwamba bado, aliingia ndani akarudi na ugali wa dona, maharage na msusa, yaani majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Nilipomaliza aliniambia, “Kile kiroba kinachochipua chumbani kwako ni jasho la mama yako. Kilete tupike.” Tulipika jioni hiyo, na wenzangu niliowaogopa walikula magimbi hadi sufuria ikawa tupu.

Kutoka kwake nilijifunza maharage, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa maharage ndiyo mhimili wa mwanafunzi wa nyanda hizi. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye takribani nyuzi 95 badala ya 100, hivyo maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko yakipikwa Dar es Salaam. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji uliyolowekea, yachemshe kwa moto mkali mwanzoni, kisha punguza moto na funika sufuria kwa mfuniko unaobana. Usile maharage mekundu yaliyoiva nusunusu, kwa sababu yana sumu asilia inayotapisha, na moto mdogo pekee hauiondoi. Madini ya chuma yaliyomo humo, ambayo mtu mwenye upungufu wa damu anayahitaji sana, huingia mwilini vizuri zaidi ukiyala pamoja na nyanya mbichi, limau au chungwa, na huzuiliwa ukiyasindikiza kwa chai. Chai yangu nilianza kuinywa saa moja au zaidi baada ya kula.

Kuhusu unga, chagua dona. Sembe hukobolewa hadi kiini na pumba viondoke, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini na madini.

Kuna jambo lililonifanya nisiliangalie tena suala hili kama langu peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, katika mkoa unaolima mahindi, maharage, viazi na nyanya za Ilula zinazopakiwa kwenye malori kila msimu. Sababu za udumavu ni nyingi, lakini mojawapo ni sahani yenye ugali mwingi na vitu vingine vichache, na sahani hiyo naifahamu kutoka mageto yetu.

Tangu mwaka wa pili tulichanga watu wanne. Bumu lilipoingia, siku hiyohiyo, kabla ya kununua kitu kingine chochote, tulilipa kodi na kwenda Soko Kuu kununua unga, mchele, maharage, mafuta, karanga na dagaa wa Nyasa wa kutosha miezi miwili. Mboga, nyanya na matunda tulinunua kila baada ya siku mbili. Sikatai kula kwa mama lishe siku za mitihani, kwani wakati ni mali, lakini usilale na njaa kwa kuona haya kugonga mlango wa jirani.

Mdogo wangu ameanza chuo Mbeya mwaka huu. Nilimfungashia sufuria nzito yenye mfuniko, ndoo ya maharage na mchele wa Kyela, na mama humtumia ndizi kwa Coaster ya kutoka Tukuyu. Juma lililopita alipiga simu kulalamika kwamba maharage hayaivi. Mbeya iko juu kuliko Iringa. Nikamwambia aongeze muda, na aite wenzake wasubiri pamoja.