Wadogo zangu wa dawati la kimataifa, "nondescript" si "isiyoelezeka"

Nawapenda, na kazi yenu naiona. Lakini neno hili limenichosha kulisahihisha kila zamu, basi tumalizane nalo.

1. Msilikatekate. Juzi mmoja wenu alipewa habari ya polisi kunasa dawa za kulevya kwenye "a nondescript house". Akaona "non", akaona "descript", akaandika "nyumba isiyoelezeka". Mtangazaji akaisoma vilevile, tena kwa mkazo. Sasa jamani, kwetu furaha isiyoelezeka ni furaha iliyopita kiasi. Msikilizaji akajenga kasri kichwani! Kumbe habari nzima ilisimama juu ya ukawaida wa nyumba ile: rangi iliyopauka, geti la bati kama mageti yote ya mtaa, mpita njia hageuzi shingo. Ndiyo maana wale watu waliichagua. Saa iliyofuata nilikaa na kijana, tukaandika "nyumba ya kawaida tu, isiyo na cha kuitofautisha na za jirani". Skripti ikabana, tukapunguza kwingine. Maana haipunguzwi.

2. Aliyekosea hakuwa mjinga. Zamani wataalamu wa viumbe waliita "nondescript" mnyama au mmea ambao bado haujaelezwa kitaalamu, yaani kitu kipya kabisa. Mwingereza Charles Waterton, msafiri wa Guyana, alitengeneza kichwa chenye sura ya mtu kwa ngozi ya kima, akakiita the Nondescript. Picha yake ilichapishwa mwaka 1825, na watu wakabishana ni kiumbe gani. Enzi hizo neno lilibeba maajabu. Leo limehamia upande wa pili kabisa, nanyi mnatafsiri habari za leo.

3. Msilitie dharau. "Mediocre" hupima ubora, na kipimo chenyewe ni cha chini. "Nondescript" haipimi ubora. Suti inaweza kuwa ya bei kali na bado isivute jicho la mtu.

4. Mkazo wa sauti: Wamarekani huuweka mwishoni, kwenye "script"; Waingereza kwa kawaida huuweka mwanzoni, kwenye "non".

5. Kwa binadamu, tahadhari zaidi. Shahidi akisema mshukiwa alikuwa "nondescript", andikeni "hakuwa na alama ya kumtambulisha" au "sura yake haikai akilini". Kuna aliyeniletea "mtu asiye na maana". Hilo ni tusi, na shahidi hakumtukana mtu.