Anza na Giaboksi, Urembo Utasubiri: Niliyojifunza Nikijenga Kifaru cha Rimoti Uyole

Juni mwaka jana nilikaa mezani wiki mbili, kila usiku baada ya watoto kulala, nikibandika vipande vya shaba kwenye kifaru changu cha rimoti, modeli ndogo ya kifaru cha vita. Vingine vilikuwa vidogo kuliko punje ya mchele. Baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ya mwezi wa sita mnaijua: vidole vilikufa ganzi, nikawa navishikisha kikombe cha chai ndipo niendelee. Jumamosi nikakitoa nje, nikakiweka kwenye mteremko nyuma ya nyumba, nikasukuma mpini wa rimoti. Kilikwenda hatua kama sita. Kisha upande wa kushoto ukaanza kukereza, cheni ikasimama, kifaru kikabaki kinazunguka palepale. Gia ya plastiki ilikuwa imeisha meno. Ili niifikie ilibidi nifungue kifuniko chote cha juu, na ili nikifungue ilibidi nibandue zaidi ya nusu ya vile vipande vya wiki mbili. Vingi vilipinda, na shaba nyembamba ikishapinda vibaya hainyooki tena.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa, ni huu: usibandike chochote cha urembo mpaka kifaru kiwe kimetembea. Namaanisha kitembee kweli, udongoni, kwa saa nyingi, kikiwa na uzito wake wote. Watu wengi wanaoanza kazi hii huvutwa na picha za vifaru vyenye kila kamba na kila nati, wakanunua vifaa vya urembo kabla hawajafungua hata skrubu moja ya chini. Nawaelewa kabisa, nami nilikuwa hivyo. Lakini urembo hukaa juu, na matatizo hukaa chini, na njia ya kufika chini inapita juu.

Changu ni T-34/85, kifaru cha Kisovieti kilichoanza kutengenezwa mwaka 1944, chenye mzinga wa milimita 85 na uzito wa tani 32 hivi. Modeli yangu ni ya kipimo cha 1/16, kipimo kinachotumika sana kwa vifaru vya rimoti. Kifaru halisi, mzinga ukiwa umeelekezwa mbele, kina urefu wa mita 8 na kidogo. Changu kina nusu mita. Hiyo namba 16 iweke kichwani, itakusaidia kuliko kitabu chochote cha maelekezo. Kila unachotaka kubandika, pima unene wake, zidisha kwa 16, kisha jiulize kama kitu cha ukubwa huo kingeweza kuwepo kwenye chuma cha kweli.

Tuanze na giaboksi, yaani sanduku la gia linalopeleka nguvu ya mota kwenye cheni. Nyingi za bei nafuu huja na gia za plastiki, na kwa mtoto anayeendesha sebuleni zinatosha. Ukitaka kufunga cheni za chuma, plastiki haitavumilia. Nunua giaboksi za gia za chuma, zote mbili kwa pamoja, za aina moja. Ukibadilisha upande mmoja tu, pande mbili hazitazunguka sawa na kifaru kitakuwa kinavuta upande kila unapokielekeza mbele. Chagua pia uwiano wa gia unaoendesha taratibu. T-34 halisi ilifika kilomita 55 hivi kwa saa. Gawa kwa 16, unapata kilomita tatu na nusu, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Modeli inayokimbia kama panya inapoteza uzito wake machoni pa watu, hata ukiipamba namna gani.

Unapofunga mota, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia ndogo ya mota na ile kubwa inayozungushwa nayo, zisukume zibanane, kaza skrubu, kisha zungusha kwa mkono karatasi itoke. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa. Zikibanana sana mota inachemka, zikiachana sana meno yanagongana. Paka grisi kidogo kwenye meno, halafu hakikisha giaboksi imefunikwa. Hili nalisisitiza kwa sisi wa huku kwa sababu ya udongo wetu. Udongo wa Uyole na kuelekea Rungwe umejaa yale mawe mepesi yenye vitundu, yale tunayosugulia miguu, yaliyotupwa na mlipuko wa volkano ya Rungwe miaka kama 4,000 iliyopita. Vumbi lake ni msasa. Likichanganyika na grisi iliyo wazi linakula hata chuma. Mimi nimeziba kila tundu la chini kwa sponji nyembamba, na kila baada ya siku ya kuendesha nafungua, nafuta, napaka grisi mpya.

Halafu bodi yenyewe. Plastiki ya chini ilitengenezwa kubeba plastiki wenzake. Ukiongeza giaboksi za chuma na cheni za chuma, umeongeza zaidi ya kilo, na zile nguzo ndogo ambazo skrubu za giaboksi huingia zitapasuka siku moja kifaru kikiwa kinapanda. Nilikwenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu pale Mwanjelwa, nikaomba mabaki ya bapa. Akanikatia vipande viwili, kimoja cha chini ya giaboksi na kingine cha kuvuka bodi katikati, akakataa hata pesa ya soda. Ndaga fijo, fundi, asante sana kwa Kinyakyusa. Tangu siku hiyo bodi haijapinda.

Cheni za chuma usizifunge kwenye sproketi ya plastiki, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Zinailamba. Cheni, sproketi na gurudumu la mbele la kukazia vinunuliwe pamoja. Na usikaze cheni ikanyooka kama uzi wa gitaa! T-34 haina magurudumu madogo ya juu ya kubeba cheni. Cheni hulala kwa uzito wake juu ya magurudumu makubwa, ikiinama kidogo kati ya moja na jingine. Cheni ya plastiki, kwa wepesi wake, hailali hivyo. Ya chuma inalala yenyewe, bila gundi wala ujanja. Kwangu mimi hilo peke yake linalipa gharama, kwa sababu hakuna kipande cha urembo kinachobadilisha sura ya kifaru hiki kuliko cheni iliyolala vizuri.

Kazi ya umeme nilimpa fundi simu. Sioni aibu kusema hivyo. Mkono wake wa kuchomelea ni mwepesi kuliko wangu, na bodi ya umeme ikiungua hakuna duka la jirani la kuinunua. Alibadilisha nyaya za mota kwa nene zaidi, akachomelea kapasita ndogo kwenye miguu ya kila mota ili cheche za ndani zisivuruge mawasiliano ya rimoti. Kifaa cha kurushia risasi za plastiki nilikitoa. Nina watoto, na macho hayana vipuri. Nafasi yake imenipa mzinga unaopanda na kushuka kwa utulivu zaidi.

Kisha kiendeshe. Mimi nilikiendesha mwezi mzima kikiwa uchi, kijivu, bila hata rangi, na mfuko wa mchanga ndani badala ya uzito wa vitu vitakavyokuja. Skrubu tatu zililegea. Gurudumu moja lilianza kuyumba, nikaliwekea beringi. Yote hayo niliyafanya kwa dakika chache, maana juu hapakuwa na kitu cha kuvunja.

Sasa tuje kwenye urembo, sehemu ninayoipenda kwa moyo wote.

Vifaa vya kununua huwa vya aina tatu: mabati membamba ya shaba yaliyochongwa kwa tindikali, vipande vya resini vilivyomiminwa, na vya chuma vilivyokerezwa, kama mzinga. Si kila kimoja kinastahili pesa yako. Wavu wa nyuma juu ya injini, nunua. Vitundu vyake huwezi kuvitoboa kwa mkono. Mzinga wa chuma, nunua, kwa sababu wa plastiki mara nyingi una mstari wa kuungia katikati na macho yote huanzia hapo. Mengine mengi unaweza kuyatengeneza nyumbani, na hapa ndipo ile 16 inapofanya kazi.

Chukua waya wa ndani wa breki ya baiskeli. Una unene wa milimita 1.5 hivi. Zidisha: sentimita 2.4, unene unaofaa kabisa kwa kamba ya chuma ya kukokotea kifaru, na tayari umesokotwa kama yenyewe. Ule wa kwenye kifurushi nilichonunua ulikuwa uzi. Vishikio vya ubavuni, ambavyo askari wa miguu walivishika wakiwa wamepanda juu ya kifaru, nilivijaribu kwa spoki. Milimita 2 zikawa sentimita 3.2, vikaonekana kama bomba la maji. Nikachukua waya wa shaba wa kutandazia umeme wa nyumba, ule wa milimita za mraba 1.5 wenye uzi mmoja; unene wake unakaribia milimita 1.4, vikakaa sawa. Mabati ya plastiki yanayofunika cheni kwa juu yana unene ambao kwenye kifaru halisi ungekuwa sentimita 3. Hakuna bati la matope la namna hiyo duniani. Kopo la soda ya aluminiamu lina milimita 0.1 tu. Likate, lipinde juu ya rula ya chuma, kisha likunje kona moja kidogo kana kwamba limegonga mti. Mabati hayo hupinda kweli vitani, ila usikunje yote.

Kichwa cha T-34/85, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, kilimiminwa kwenye kalibu za mchanga, hakikuwa laini. Modeli nyingi zina kichwa kilichong'aa kama sahani. Nilichukua puti ya magari, nikaipaka nyembamba sana, nikaigongagonga kwa brashi ngumu iliyokatwa kabla haijakauka, siku ya pili nikapitisha msasa wa maji kwa wepesi. Fanyia mazoezi kwenye kipande kibovu kwanza. Ukizidisha kidogo tu kinakuwa ganda la fenesi.

Unapokata vipande vya shaba kutoka kwenye fremu yake, kata juu ya kigae, si juu ya mbao, maana mbao inabonyea na kipande kinapinda. Vioshe kwa sabuni na siki, rangi haishiki kwenye shaba yenye mafuta ya vidole. Gundi ya supa iweke kwa ncha ya kijiti. Na fahamu kwamba gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewa: Agosti na Septemba, hewa ikiwa kavu, inachelewa, hivyo pulizia pumzi kidogo juu ya kiungo. Masika haitakusubiri, jipange kabla hujaishika.

Kosa langu jingine lilikuwa rangi. Nilichanganyiwa kijani kizuri sana na fundi wa rangi za magari, nikapulizia moja kwa moja juu ya plastiki. Thina ya magari ni kali. Kwa dakika chache kifuniko cha nyuma kilifanya nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, sikuwa na la kufanya ila kusugua yote. Siku hizi natumia rangi ya maji ya akriliki, na kabla yake praima, ile rangi ya chini ya kushikia, iliyoandikwa kwamba inafaa plastiki, na bado najaribu kwanza upande wa ndani usioonekana. Pulizia saa sita hadi saa tisa mchana, jua likiwa limepasha hewa. Rangi ya asubuhi ya Julai hapa kwetu hubaki inanata hadi kesho.

Betri ya lithiamu usiiache ikichaji wakati umelala, na usiiendeshe hadi ife kabisa. Kila seli isishuke chini ya volti 3. Ikivimba, acha kuitumia.

Kilipokamilika nilikipeleka Tukuyu kwa baba yangu mdogo. Alikuwa askari, alikwenda vita vya Kagera 1978 hadi 1979, na vifaru vya Kichina vya Type 59 vya jeshi letu alivifahamu kwa karibu. Nilimwamkia, nikakiweka kwenye nyasi mbele ya kiti chake. Akakiangalia muda mrefu bila kusema.

"Hiki si chetu," akasema. "Chetu gurudumu la kwanza lilikuwa limejitenga na la pili."

Ni kweli. Type 59 ilitokana na T-54, kifaru kingine cha Kisovieti, na pengo hilo ndilo linaloitambulisha. Hapohapo akaniuliza watu wangapi wanakaa ndani. Nikamwambia watano.

"Watu watano. Sasa mwanangu, mbona hakina mzigo? Mvua ikinyesha wanajifunika nini? Maji wanabeba wapi?"

Nilikuwa nimebandika kila nati iliyokuwa kwenye kifurushi, na hapakuwa na kitu hata kimoja cha mtu anayeishi humo. Niliporudi Uyole nilichukua karatasi laini ya shashi, nikailowesha kwa gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, nikaikunja kama turubai ingali mbichi. Ilipokauka nikaipaka rangi ya udongo, nikaifunga kwa uzi wa katani nyuma upande wa kulia, pale aliponionyesha kwa kidole.