Kabla hujapanda mtiki, ujue msitu ulikotoka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vitalu na mashamba ya miti, karibuni. Nataka niwaambie jambo nililolijua nikiwa nimeshapoteza miche mingi. Mtiki, ambao wengine wanauita msaji, si mti wa huku kwetu. Kwao ni India, Myanmar, Thailand na Laos, na tabia zake nyingi zinazotusumbua kitaluni zinatokana na maisha ya huko.

Nilipoanza nilipewa kipande cha bondeni, karibu na mto. Nikafurahi, maana niliamini mti ukipata maji mwaka mzima utakua haraka. Masika yakakolea, maji yakatuama siku kadhaa, majani yakageuka manjano. Nilipong'oa mche mmoja nikakuta mzizi mweusi, laini, unanuka. Miche ya jirani yangu kwenye mteremko, iliyokuwa inapukutisha majani yote kiangazi, ndiyo iliyonenepa.

Sababu ni hii. Kwenye safu ya milima ya Bago, Myanmar, mtiki unaishi katika msitu wa mvua za msimu: mvua nyingi, kisha ukame wa miezi 3 hadi 5, miti inabaki matawi matupu. Udongo ni wa kina na haushiki maji. Unasimama katikati ya mianzi na miti ya aina nyingine, na unapenda jua. Ndiyo maana kwenye msitu mnene wa kijani mwaka mzima huukuti. Kiangazi msikiogope. Ndicho kinachosaidia kuupa mbao nzuri.

Mbegu nazo zinataka subira. Tunda lina ganda gumu, na kule msituni hulala chini likinyeshewa na kuchomwa na jua mpaka lilegee. Kwa hiyo loweka usiku, anika mchana, rudia kwa wiki moja au mbili. Hata hivyo hazitaota pamoja. Usivunje tuta mapema; nyingine huchelewa hadi msimu unaofuata.

Moto wa kiangazi pia ni sehemu ya msitu ule. Mche ukiungua juu, mzizi huchipua tena. Mzee aliyenifundisha aling'oa mche wa mwaka mmoja, akakata shina akabakiza vidole viwili, akapunguza mzizi ukawa kama shubiri, akaufukia mvua za kwanza zilipoanza. Nilidhani anauua. Baada ya wiki chache ulitoa majani mapana, yanayokwaruza kama msasa. Sugua jani changa kiganjani uone wekundu wake. Hapo huwezi kukosea kuutambua.

Mbegu ikija, uliza mti mama ulisimama wapi. Misitu ya asili imebaki michache: Thailand ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya asili mwaka 1989, na Myanmar ikasimamisha kuuza nje magogo ghafi mwaka 2014. Kule Nilambur, jimbo la Kerala nchini India, mitiki iliyopandwa miaka ya 1840 bado ipo. Mimi huwaza hiyo miaka kila ninapochagua mahali pa kupanda.

Kwa hiyo kabla ya masika nenda shambani na jembe. Chimba shimo la kina cha mita moja, lijaze maji jioni. Asubuhi ukiyakuta bado yametuama, hapo panda kitu kingine.