Tajini linataka moto mdogo: ushauri kwa mnaotaka kupikia chungu cha Kimoroko

Tangu nihamie huku Salé, Moroko, ng'ambo ya mto Bou Regreg ukitokea Rabat, hakuna kitu naulizwa na ndugu na marafiki wa nyumbani kama tajini, kile chungu cha udongo chenye kitako kipana na mfuniko mrefu wa pembe. Kila anayekuja kunitembelea anataka kuondoka nalo, halafu akishafika Dar au Mombasa ananipigia, dada limepasuka, dada linavuja, dada chakula kinanuka udongo nifanyeje. Kwa hiyo nimeona niandike mara moja nimalize, kuanzia leo mtu akiniuliza namtumia linki tu.

Tuanze na kununua maana nusu ya hizo simu zinaanzia sokoni. Matajini yapo ya aina mbili na muuzaji hatakwambia kama hujamuuliza. Kuna ya kupamba meza, yale yenye maua ya bluu ya Fès, yenye nakshi za bati pembeni, yenye rangi za kila namna, na kuna ya kupikia ambayo kwa sura hayana mvuto hata kidogo, udongo mwekundu au kahawia tu, mengine yana ile ngozi ya kung'aa (gleizi) kwa ndani, mengine hayajapakwa chochote. Chukua hilo baya. Lile la maua utapakulia wageni chakula ambacho kimeshaivia kwingine, au weka machungwa, basi.

Na hili si suala la urembo peke yake. Gleizi za kienyeji kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi kwa sababu yanayeyuka kwa moto mdogo na yanang'aa vizuri, na risasi ikikutana na kitu kikali kama limau, nyanya au siki halafu ukaipasha moto saa mbili inatoka inaingia kwenye mchuzi. Ni sumu, na inaumiza zaidi watoto wadogo na wajawazito. Siku hizi wapo mafundi wanaotumia gleizi zisizo na risasi, ila kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo uliza, na jibu likiwa la kubabaisha nenda kwa yule wa pembeni yake mwenye vyungu vitupu visivyopakwa kitu. Mimi nyumbani kwangu napikia visivyopakwa tu.

Wapi pa kununua? Ukiwa huku kwetu kuna eneo la wafinyanzi la Oulja, hapo hapo Salé kando ya mto, unaona tanuri na vyungu vimeanikwa juani. Ukishuka chini pwani ya Atlantiki kuna Safi, mji wenye kilima kizima cha wafinyanzi. Kaskazini milima ya Rif wanafinyanga wanawake, vyombo vyao ni vizito, vya kawaida, na mimi navipenda kuliko vyote. Popote utakapokwenda fanya hivi: ning'iniza tajini kidogo kwa mkono mmoja, ligonge kwa kifundo cha kidole cha mkono mwingine, lililo zima linatoa mlio, lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. Halafu weka mfuniko wake juu uuzungushe, ukicheza cheza sana mvuke wote utapotelea hapo. Na kitako kiwe kinene, usidanganyike na wepesi eti kwa sababu ya mzigo wa ndege.

Sasa umelifikisha nyumbani. Usilipikie leo! Hapa ndipo watu wanakosa subira. Lizamishe kwenye maji, kitako na mfuniko, liache usiku mzima hadi kesho yake, utaliona linatoa mapovu, hayo ni matundu ya udongo yanakunywa maji. Litoe, liache likauke, halafu lipake mafuta ya zeituni ndani na nje bila uchoyo. Kama una oveni liingize oveni ikiwa BARIDI, ndipo uwashe nyuzi 150 hivi, saa mbili, uzime na uliache humo humo mpaka lipoe lenyewe. Kama huna oveni weka maji kidogo ndani, kitunguu, majani ya bei (bay leaf) na mafuta, lichemke taratibu kwenye mkaa hafifu mpaka maji yakaribie kuisha, wanawake wengi huku ndivyo wanavyofanya na harufu ya udongo inapungua sana. Kwa lisilopakwa gleizi, kama limekaa kabatini miezi bila kutumika lirudishie maji kabla ya kulipikia.

Moto. Jamani, moto. Hapa nitakaa kidogo.

Tajini halijatengenezwa kwa moto wa kukaangia chipsi. Huku chombo chake cha asili ni majmari, jiko dogo la udongo la mkaa, na mkaa wenyewe si mwingi, ni makaa yaliyokwisha kushika na kuanza kuvaa jivu, kama yale ya kufukizia udi. Ukisafiri kwa gari barabara za huku utaona migahawa ya madereva imepanga matajini nje mstari mzima, kila moja na majmari yake, yamewekwa tangu asubuhi, na hakuna mtu anayehangaika kuchochea. Mama mkwe wangu mara ya kwanza kuniona nimewasha gesi hakusema neno, alisogea akazungusha kitufe mpaka moto ukabaki wa bluu mdogo, akaniambia binti yangu, ukisikia sauti yake kutokea sebuleni basi moto ni mkubwa. Mpaka leo ndicho kipimo changu, natakiwa nisogeze sikio ndipo nisikie linavyotokota.

Udongo unapasuka kwa sababu sehemu moja inapata moto na kutanuka kabla nyingine haijafika hapo. Ndiyo maana gesi kavu kavu chini ya tajini ni hatari, ule mduara unapiga sehemu moja tu. Tafuta kisahani cha chuma cha kusambaza moto, huku kinauzwa kila duka la vyombo, na kama kwenu hakipo bati nene bapa au kikaango kizee cha chuma kiweke chini, tajini juu yake. Anza na moto wa chini kabisa dakika kumi kumi na tano ndipo uongeze kidogo, na nikisema kidogo namaanisha kidogo. Maji ya kuongeza yawe ya moto, usimwage ya bombani. Nyama iliyotoka kwenye friji iache kwanza ubaridi uishe. Na ukiliepua usilitue kwenye marumaru au sinki, weka juu ya ubao au kitambaa kilichokunjwa. Kwa mkaa nyumbani, wenye majiko yetu ya bati mko vizuri kuliko hawa wa gesi, punguzeni tu makaa na muyatandaze.

Kupika kwenyewe ni rahisi kiasi kwamba watu hawaamini. Hukorogi. Unapanga, unafunika, unaondoka. Nitawapa upishi wa kuku na limau maana ndio wa kuanzia. Chini weka vitunguu vingi vilivyokatwa, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, tangawizi, zafarani uliyoiloweka kwenye maji ya vuguvugu (zafarani ya huku inatoka Taliouine na ni ghali, wengi wanaongezea manjano kidogo ipate rangi, hakuna dhambi), pilipili manga, kotmiri imefungwa kishada. Juu panga vipande vya kuku, vigeuze vishike viungo, maji nusu kikombe basi. Kitunguu na kuku vitatoa maji yao, mvuke unapanda kwenye lile pembe la mfuniko, unapoa, unarudi chini kama matone. Mtu wa kwetu akiona maji nusu kikombe lazima aongeze, namjua, nakuomba usiongeze! Ukijaza maji umepika mchuzi wa kawaida kwenye chombo cha gharama.

Kuku wa kienyeji mpe saa mbili hivi, wa kizungu saa moja na kitu. Karibu na mwisho ndipo unaweka zeituni na limau ya chumvi, yaani limau zilizopasuliwa zikashindiliwa chumvi kwenye chupa zikakaa mwezi na zaidi, watu wa pwani mnaotengeneza achari hamna cha kujifunza hapo. Ioshe kwanza, tupa nyama ya ndani, tumia ganda. Chumvi ya chakula onja mwishoni kwa sababu limau na zeituni zinakuja na zake. Kama mchuzi bado ni mwepesi egesha mfuniko kwa mwiko wa mbao mvuke utoke, usiongeze moto. Kitunguu kinatakiwa kiyeyuke kiwe rojo zito, wenyewe wanaita daghmira, na hilo ndilo linalogombewa na mkate.

Kuku huyu analiwa humo humo kwenye tajini, kwa mkate na mkono wa kulia, kila mtu mbele yake, nyama iko katikati na haiguswi mpaka baadaye. Na Ijumaa usilitegemee, Ijumaa nyumba nyingi ni kuskusi, zile chembe za ngano zilizopikwa kwa mvuke.

Samaki mtafutie tajini lake peke yake. Udongo unatunza harufu, dagaa wakubwa wa Safi wakishapikwa humo plamu kavu na lozi za Jumapili zitanuka bahari. Chini yake tandaza karoti zilizokatwa kama vijiti, samaki asigande.

Kuosha. Lipoe kwanza kabisa. Halafu maji ya vuguvugu na sponji, palipogandiana loweka kidogo, sugua kwa chumvi ya mawe au magadi ya kuokea. Sabuni hapana kwa lisilopakwa gleizi, linainywa na wewe utakuja kuila na mbuzi wako. Mashine ya kuosha vyombo usilisogezee. Kausha hadi ndani ya udongo, siku nzima ikibidi, na ulihifadhi mfuniko ukiwa umekaa upande, usilifunge kabisa, kwa unyevu wa Tanga au Zanzibar litaota ukungu wiki hiyo hiyo. Likishaota, futa kwa siki iliyochanganywa na maji, anika juani, lipashe kidogo, paka mafuta tena. Vimistari vidogo vidogo kwenye ngozi ya ndani usiviogope, vinakuja na umri. Ufa unaopitisha mchuzi mpaka nje ndio umeisha, hapo panda mnanaa.

Kuna binamu yake ambaye wageni hawamjui, tanjia ya Marrakech. Huyu ni mtungi mrefu wenye masikio mawili, na kwa desturi ni chakula cha wanaume, mafundi na makapera. Wanajaza nyama ya muundi, limau ya chumvi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, zafarani, samli iliyochachuka na maji kidogo sana, wanafunga mdomo kwa karatasi na uzi, halafu wanaupeleka hamamu, yaani bafu la umma la mvuke, kwa yule anayechochea moto wa kupasha maji, anauchimbia kwenye jivu la moto na unakaa humo masaa. Nyumbani ukifukia kwenye majivu ya mkaa uliopungua utakaribia, ila lazima uwe na jivu jingi na asubuhi nzima huna kazi.

Wa ughaibuni wenye majiko ya indaksheni (yale ya umeme yanayopasha chombo kwa sumaku), udongo haupati moto pale, mpaka uweke sahani ya chuma inayoshika sumaku chini yake, na hata hivyo mimi ningetumia oveni, unaingiza likiwa baridi na oveni ikiwa baridi, nyuzi 160. Na mnaosafiri nalo: mfuniko ufungwe peke yake, kitako peke yake, ule uwazi wa ndani ya pembe uujaze soksi na nguo, na ubebe mkononi, mzigo wa chini ya ndege hauna huruma.